Choma Taratibu: Makaa, Moshi na Nyama Tuliyo Nayo

Nyama inayoning'inia buchani asubuhi hii, jana jioni ilikuwa bado inatembea. Ng'ombe wetu wengi hawafungiwi zizini wakalishwa nafaka. Hufuata malisho na maji, na mwendo huo hukaza misuli. Mafuta yao ni machache, tena hukaa pembezoni mwa mnofu badala ya kujipenyeza ndani yake. Mbuzi ndiye zaidi. Ladha ya nyama hiyo ni nzito na ya kweli, lakini haikubali papara.

Nasema hivi mapema kwa sababu maelekezo mengi ya kuchoma yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikwa kwa ajili ya nyama nyingine: ya ng'ombe wa Marekani aliyenoneshwa kwa mahindi, akachinjwa, kisha mzoga ukakaa siku kadhaa kwenye chumba cha baridi kabla ya kukatwa. Nyama hiyo ukiitupa juu ya moto mkali dakika nne kila upande, inalainika. Ya kwetu ukiifanyia hivyo, inaungua nje na kukakamaa ndani, halafu lawama zinamwangukia muuza bucha. Nyama tuliyo nayo inadai subira mara mbili: kabla haijaona moto, na ikiwa juu ya moto.

Buchani, siku moja kabla

Mnyama akishachinjwa, misuli yake hukakamaa ndani ya saa chache, kisha hulegea polepole kadiri vimeng'enya vilivyomo kwenye nyama vinavyoendelea kufanya kazi. Nyama inayopikwa katikati ya kukakamaa huko ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa hiyo usinunue nyama saa nne asubuhi ukaichoma saa saba mchana. Nunua siku moja kabla kwa mbuzi, mbili kwa ng'ombe, uiweke kwenye friji isiyozidi nyuzi 4 za Selsiasi, ndani ya sahani pana, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi tu ili uso wake ukauke kidogo.

Kuna jambo moja linaloharibu nyama nzuri majumbani bila watu kujua: kuitia kwenye friza ikiwa bado ina joto la mwili. Baridi kali ikiikuta misuli kabla haijamaliza kukakamaa, hujikunja kupita kiasi, na ugumu huo hautoki tena kwa kuchoma. Nyama ya mbuzi na ya kondoo huathirika haraka zaidi, kwa kuwa mizoga yao ni midogo na hupoa upesi. Nyama iliyochinjwa alfajiri ukainunua alasiri imeshavuka sehemu kubwa ya hatua hiyo. Bucha lenye chumba cha baridi, ambako mzoga ulilala mzima, ni bora zaidi, hata kama bei imepanda kidogo. Kama huna friji kabisa, usilaze nyama nje usiku. Nunua mapema, choma siku hiyohiyo, na ongeza muda kwenye moto mdogo.

Angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye paja au mbavu. Kimeta na homa ya Bonde la Ufa huwapata watu kwa kushika na kula nyama ya mnyama mgonjwa, na hakuna bei ya punguzo inayofaa hatari hiyo.

Kisha zungumza na muuza nyama kabla hajanyanyua shoka. "Kaka, mbavu nipe pande zima, usizikatekate. Na huo mguu uache na mfupa wake." Mazoea yake ni kukata vipande vidogo vya mchuzi, na kila pigo la shoka huacha chembe za mfupa na kufungua mlango wa maji kutoka. Pande kubwa hubaki na majimaji yake. Utalikata mwenyewe likishaiva. Kwa mbuzi, omba mchanga au maksai. Beberu aliyekomaa ana harufu ambayo moshi hauwezi kuificha.

Ukifika nyumbani, tia chumvi. Gramu 12 kwa kila kilo zinatosha, yaani vijiko viwili vidogo vya chai vya chumvi laini vilivyosawazishwa. Ipake kote, na kwenye mguu mnene chanja mistari michache ili iingie. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje. Baada ya muda maji hayo, yakiwa yameyeyusha chumvi, hurudi ndani ya nyama, na nyama iliyokwisha kunywa chumvi hushika maji yake vizuri zaidi kwenye joto. Jambo hili linahitaji saa nyingi, na ndiyo maana linafanywa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wachomaji wengi hunyunyiza maji ya chumvi nyama ikiwa motoni. Hayo yanatia ladha juu tu.

Viungo vingine ni hiari. Kwa mbuzi, mimi huishia kwenye chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu.

Moto wa pande mbili

Jiko la kuchomea halihitaji kuagizwa kutoka nje. Pipa la lita 200 likikatwa kwa urefu, nusu moja ikawa jiko na nyingine mfuniko, likawekewa miguu, wavu wa vyuma vizito na matundu mawili ya hewa yanayofungwa na kufunguliwa, linakutosha miaka. Fundi yeyote wa kuchomelea ataliweza. Tafuta pipa lililobeba mafuta ya kula. Lililobeba kemikali au dawa ya mimea usilikubali kwa bei yoyote, na lililobeba mafuta ya magari lisikatwe kwa moto kabla ya kuoshwa kabisa, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka. Wavu usiwe na zinki: ikipata joto kali hutoa moshi wa sumu. Rafu za friji kuukuu, ambazo watu hupenda kuzigeuza wavu, nazo huwa zimepakwa vitu ambavyo havikukusudiwa moto. Kabla ya nyama ya kwanza, washa kuni nyingi ndani ya pipa kwa saa mbili hivi hadi harufu ya rangi na mafuta iishe.

Huna pipa? Panga matofali uani, weka wavu sentimita 25 hivi juu ya ardhi, na tafuta karai pana la chuma la kufunikia nyama. Linafanya kazi vizuri kuliko linavyoonekana.

Mkaa mzuri ni mzito, na vipande viwili ukivigonganisha hutoa mlio mkali. Mkaa wa mgunga ni wa aina hiyo: huwaka kwa joto kali na kudumu. Mkaa mbadala unaofinyangwa kwa vumbi la mkaa hauna joto kubwa na huacha majivu mengi, lakini huwaka kwa usawa na kwa muda mrefu, hivyo unafaa sana kwa kazi ya moshi. Usiwashe kwa mafuta ya taa. Harufu yake hupanda hadi kwenye nyama. Petroli usiisogeze kabisa. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toboa matundu mengi chini na ubavuni, jaza mkaa, kisha washa karatasi au makumbi makavu ya nazi chini yake. Moto utapanda wenyewe, na baada ya dakika 20 hivi mkaa wa juu utaanza kuvaa majivu.

Hapo ndipo uchomaji unapoanza, si kabla. Ndimi za moto zikiwa bado zinacheza, jiko haliko tayari. Subiri makaa yawe mekundu ndani na ya kijivu nje, kisha yasukume yote upande mmoja. Sasa una sehemu mbili: upande wa makaa na upande mtupu. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote unayoweza kufanya katika uchomaji wako, na halina gharama.

Nyama nene huanzia upande mtupu, mfuniko ukiwa umefungwa, ili joto lizunguke na kuiivisha pole pole. Ikikaribia kuiva unaihamishia juu ya makaa kwa dakika chache ipate rangi na ukoko. Tumezoea kinyume chake: kuikaanga nje kwanza kwa moto mkali, halafu kuhangaika na ndani mbichi. Vitu vyembamba kama maini, figo na steki nyembamba ndivyo vinavyokwenda moja kwa moja juu ya makaa.

Kupima joto bila kifaa, weka kiganja sentimita 12 hivi juu ya wavu. Ukishindwa kuvumilia baada ya sekunde 2 au 3, moto ni mkali. Sekunde 4 hadi 6 ni wa wastani. Sekunde 8 hadi 10 ni moto mdogo, na huo ndio unaoutaka kwa mguu, mbavu na kidari. Hata hivyo nakusihi ununue kipimajoto cha nyama. Ni kifaa kidogo cha kuchoma ndani ya mnofu, na kitakuondolea ubishi wote wa "imeiva, haijaiva". Kuku afike nyuzi 74 katika sehemu nene kabisa ya paja. Nyama ya kusaga ifike 71. Samaki 63. Pande zima la ng'ombe au mbuzi ni salama likifika 63 na kupumzika dakika 3, lakini mguu wa mbuzi wetu huwa haujalainika kwenye joto hilo. Tando ngumu zilizoshika misuli huanza kuyeyuka zikipita nyuzi 70, tena polepole. Ndiyo sababu mguu wa kilo mbili, kwenye moto mdogo na mfuniko umefungwa, naupa saa mbili na nusu hivi, hadi ndani kufika 85 au zaidi, ndipo unapoonja makaa.

Mafuta yakidondoka na moto kuruka, usimwage maji. Maji hurusha majivu hadi kwenye nyama. Hamisha nyama upande mtupu, funga mfuniko na matundu, moto utakosa hewa na kutulia. Mafuta yanayoungua juu ya makaa hutoa masizi yenye kemikali zinazohusishwa na saratani, na masizi hayo hutua juu ya chakula. Palipoungua kabisa, kata utupe. Mwaka 2015, IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwamo ile ya kukaushwa kwa moshi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kufanya hivyo. Nyama ya moshi ni chakula cha siku maalumu. Naipenda sana, na siipiki kila wiki.

Ikishatoka, iache ipumzike dakika 15 kabla ya kisu, kisha ikate kwa kukingama nyuzi zake, vipande vyembamba. Nyama ileile ikikatwa kufuata nyuzi huonekana ngumu maradufu.

Na jambo hili nalisema kwa mkazo wote: jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha, hata moto ukionekana umekufa. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na imeua familia zilizolala na jiko chumbani ili kuota moto. Chomea uani, barazani palipo wazi, au chini ya paa lisilo na kuta.

Moshi

Moshi ni kiungo, kama bizari au tangawizi, na ukizidi huharibu chakula. Moshi mweupe mzito unaowasha macho ni dalili kwamba kuni zinafuka bila kuwaka. Huacha nyama na ukakasi mchungu unaobaki kwenye ulimi. Unachotaka ni moshi mwembamba, karibu hauonekani, wenye rangi ya samawati ukiutazama dhidi ya kitu cheusi. Unaupata kwa kuni kavu na hewa ya kutosha. Usiloweke kuni kwenye maji kama wengi wanavyoshauri. Kuni mbichi au zilizolowa hutoa mvuke kwanza, kisha huo moshi mzito.

Kuhusu mti, nina maoni makali. Mpera ndio chaguo langu la kwanza: moshi wake ni mtamu na mpole, unaafikiana na kuku, samaki na hata mananasi. Matawi yaliyopogolewa kwenye mchungwa au mlimau yanafaa vilevile, na wanaoishi maeneo ya kahawa wana hazina kwenye mibuni mizee inayong'olewa shambani. Kwa ng'ombe, mgunga una nguvu inayolingana naye. Magunzi ya mahindi yaliyokauka kabisa, yale tunayoyatupa, hutoa moshi mzuri kwa samaki. Makumbi ya nazi huwaka haraka mno. Nayaachia kazi ya kuwashia.

Mwembe na mkorosho siitumii. Ni miti ya ukoo mmoja, na utomvu wake huwasha ngozi. Sitaki kuupata katika hali ya moshi. Mikaratusi ina mafuta yenye harufu ya dawa ya mafua, msonobari una utomvu unaoacha masizi meusi, na mwarobaini ni mchungu hata kwenye moto. Mbao za ujenzi, mbao zilizopakwa rangi na vipande vya paleti zilizotiwa dawa visiguse jiko la chakula. Na ile miti ya maua ya bustanini inayoitwa oleanda, kila sehemu yake ni sumu, pamoja na kijiti utakachotungia mishkaki.

Kipande kimoja cha kuni chenye unene wa mkono wa mtoto, juu ya makaa yaliyokwisha shika, kinatosha kwa dakika 40 hadi saa nzima. Ongeza kingine kikiisha. Nyama hupokea moshi zaidi ikiwa bado na unyevu na ubaridi, hivyo moshi wa saa ya kwanza na ya pili ndio wenye maana. Baada ya hapo unahitaji joto tu.

Ukikata nyama ya moshi utaona ukanda wa waridi chini ya ngozi yake. Wageni wengine watakuambia haijaiva. Waeleze kwamba ni gesi za kuni zinazoungana na rangi ya asili ya nyama na kuizuia isigeuke kahawia. Katikati, palipochelewa kufikiwa na gesi, ndipo penye rangi ya kawaida. Kipimajoto chako kitamaliza mjadala.

Nundu

Kama ungetaka kujaribu kipande kimoja tu cha kazi ya moshi, jaribu nundu. Ni kipande pekee cha ng'ombe wetu wa zebu ambacho mafuta yameingia kati ya nyuzi za nyama, na buchani mara nyingi hukatwakatwa na kuchanganywa na nyama ya mchuzi kana kwamba hakina cheo. Nchini Brazil, ambako zebu walipelekwa kutoka India, nundu huitwa cupim na huheshimiwa: hufungwa, hupikwa saa nyingi, kisha humalizwa kwenye makaa. Sisi tuna ng'ombe haohao, tena kwa miaka mingi zaidi.

Weka oda mapema, maana kila ng'ombe ana moja tu. Tafuta ya kilo moja na nusu hadi mbili. Iache na mafuta yake ya juu, usiyaondoe. Tia chumvi kwa kipimo kilekile usiku, na asubuhi ipake pilipili manga iliyotwangwa kwa chembe kubwa, basi.

Joto ndani ya pipa liwe kati ya nyuzi 120 na 130. Makaa yawe machache, upande mmoja, na bakuli la chuma lenye maji chini ya nyama lipokee mafuta yanayodondoka na kutuliza joto. Nundu ikae upande mtupu, mafuta yakiwa juu. Funga, na ujizuie kufunua. Kila unapofunua unapoteza joto ambalo litachukua dakika nyingi kurudi. Ongeza makaa yaliyowaka kwenye kopo kila saa au zaidi kidogo, na kipande cha kuni kwa saa mbili za mwanzo.

Saa ya tatu hivi utapata mashaka. Joto la ndani litafika 65 au 70 na kusimama hapo, pengine kwa saa nzima, ingawa moto haujapungua. Ni jasho la nyama: maji yanayotoka juu yake yanapokauka huipoza kwa kadiri ileile jiko linavyoipasha. Usiongeze moto. Huu ndio wakati wa kuifunga. Chukua majani ya mgomba, yapitishe juu ya makaa hadi yalegee na kung'aa, funga nundu kwa matabaka mawili na uirudishe jikoni. Majani huzuia jasho kukauka, na huongeza harufu ambayo karatasi ya aluminiamu haina. Waomani hupika shuwa kwa wazo linalokaribiana na hili: nyama iliyopakwa viungo hufungwa kwa majani makavu ya mgomba au ya mtende, ikafukiwa kwenye shimo lenye makaa siku moja au mbili wakati wa Idi.

Baada ya saa mbili au tatu nyingine, choma nyama kwa kijiti chembamba. Kikiingia bila kukwama popote, imeiva. Kipimajoto kitakuwa kwenye 93 au karibu yake. Iache ndani ya majani yake nusu saa. Kisha ifungue, ipitishe juu ya makaa makali dakika moja kila upande ili mafuta ya juu yakauke na kuvaa ukoko, na uikate vipande vyembamba. Kachumbari yenye ndimu nyingi ni lazima, kwa sababu ya yale mafuta. Mchuzi wa nyama choma wa chupa hauna kazi hapa.

Mishkaki, kuku, samaki

Mishkaki ni jambo tofauti: vipande vidogo, moto mkali, hakuna mfuniko. Kata nyama vipande vya sentimita mbili na nusu. Kwa kilo moja, kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi lililokunwa, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, bizari nyembamba, pilipili, chumvi na mafuta kidogo. Papai lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, na hakijui kuacha: saa moja au mbili zinatosha, ukililaza usiku kucha nyama inakuwa unga. Ndimu iongezwe mwishoni kabisa. Loweka vijiti vya mianzi nusu saa, na kila baada ya vipande vitatu vya mnofu tunga kimoja cha mafuta. Huko Oman mishkaki huuzwa barabarani kama pale Forodhani, Zanzibar, ikiambatana na mchuzi wa ukwaju, na sijaona kinachoushinda.

Kuku wa kienyeji aliyekomaa mchemshe kwanza kwa tangawizi na chumvi hadi alainike, ndipo aende kwenye makaa na moshi. Ukimweka mbichi utangoja hadi magharibi. Kuku wa kisasa ni laini. Mpasue mgongoni, mlaze wazi upande mtupu, ngozi juu, dakika 50 hivi, kisha ngozi ielekee makaa kidogo. Ukitaka wa kupaka, tui zito lenye pilipili na ndimu lipakwe dakika kumi za mwisho, mara mbili tatu. Tui likipakwa mapema linaungua kabla kuku hajaiva.

Kwa samaki, wenye mafuta hubeba moshi vizuri: kambare, sangara, kibua, jodari. Mpasue, umloweke saa moja kwenye maji yenye gramu 80 za chumvi kwa lita, mkaushe kwa kitambaa, kisha mwache penye upepo na kivuli, chini ya chandarua cha kuzuia nzi, hadi juu yake patokeze utando unaonata. Utando huo ndio unaoshika moshi na kuzuia majimaji meupe yasitoke. Uufikie kwa saa moja au mbili, usiuruke. Halafu moshi mdogo, joto la nyuzi 80 hadi 100, saa moja na nusu hadi mbili kwa kambare wa ukubwa wa kawaida.

Ukitaka kubanika wengi kwa pamoja, jifunze kutoka jiko la Chorkor, lililopewa jina la mtaa wa wavuvi jijini Accra, Ghana. Ni kuta fupi za udongo au matofali zenye mlango wa kuni, na juu yake treya za mbao zenye wavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikawa zenyewe ndiyo bomba la moshi. Treya ya chini huhamishiwa juu kwa zamu. Ghorofa tatu zinatosha nyumba moja, na seremala wa mtaani atazipiga kwa siku moja.

Samaki huyu si yule mkavu wa sokoni aliyebanikwa siku nyingi hadi akawa mgumu. Ana maji bado, hivyo akae friji na aliwe ndani ya siku tatu. Usimfunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ukamwacha nje ya friji. Bakteria wa botulizimu hupenda mahali hasa kama hapo.

Mboga

Mboga hazipaswi kuwa za kujazia nafasi wakati nyama inasubiriwa. Mbilingani nzima, iliyotobolewa kwa uma ili isipasuke, ilazwe juu ya makaa yenyewe na kugeuzwa hadi ngozi iwe nyeusi kote na ndani ilegee. Imenye, iponde na kitunguu saumu, chumvi na ndimu, kisha tia vijiko viwili vya tui zito. Nyanya, vitunguu na pilipili zikichomwa pamoja, zikatwangwa kwenye kinu, unapata kiambaupande kinachoishinda kachumbari kwa nyama isiyo na mafuta.

Mahindi yachome kwanza yakiwa na maganda yake ya ndani dakika kumi, upande mtupu, yaive kwa mvuke wake. Kisha yavue na kuyamaliza juu ya makaa, na usugue kwa kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye chumvi na pilipili. Ndizi mzuzu zichague zilizoanza kuwa na manjano. Waganda huzichoma hivyohivyo na kuziita gonja, na wasafiri wa barabara ya Kampala kwenda Jinja huzinunua Namawojjolo pamoja na kuku wa vijiti. Muhogo uwe mtamu wenye asili unayoijua, umenywe na kuoshwa. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo kuchoma peke yake hakuiondoi.

Viazi vitamu vifukie kwenye majivu ya moto pembeni mwa makaa nyama inapoanza. Vitakuwa tayari kabla yake.

Mabaki

Nyama iliyobaki isilale mezani. Ndani ya saa mbili iwe friji, na kesho ipashwe moto ikiwa imefunikwa pamoja na kijiko cha maji, siyo kwenye moto mkali. Nundu baridi iliyokatwa nyembamba na kukaangwa na vitunguu ni kifungua kinywa cha kutosha. Mifupa ya mguu uliochomwa itie kwenye sufuria na maji baridi, tangawizi, kitunguu na karoti, ichemke taratibu saa mbili. Supu hiyo itakuwa na harufu ya moshi bila wewe kuongeza kitu. Chumvi uionje mwishoni kabisa ndipo uitie, kwa sababu nyama ilikwisha kunywa ya jana usiku.